Kabati la gramafoni ya zamani: maswali tunayoulizwa mara kwa mara karakanani

Karakana yetu iko Tabora mjini. Kinachotulisha ni vitanda vya mninga, milango na makochi. Gramafoni huja moja moja, labda nne kwa mwaka: moja imetoka Ujiji kwa treni ikiwa imeviringishwa kwenye godoro, nyingine imetolewa stoo ya nyumba ya urithi kule Isevya, kuku walikuwa wanaatamia juu yake. Ila maswali ni mengi kuliko mashine, na mengi yanafanana. Nimeyaandika hapa kama yanavyoulizwa, na nimejibu kama ninavyojibu kwenye simu.

Fundi, nianze na msasa namba ngapi?

Weka msasa chini kwanza. Najua jibu hili linaudhi, maana anayeuliza kwa kawaida ameshanunua karatasi tatu. Lakini makabati mengi ninayoletewa hayajaharibika, yamechafuka tu. Yamekaa miaka na miaka kwenye chumba chenye kibatari, yakapanguswa kwa mafuta ya nazi kila sikukuu ili yang'ae, vumbi la kiangazi likanata juu ya mafuta, masizi yakaja juu ya vumbi. Mtu akitazama anaona mbao nyeusi, anasema polishi imekufa.

Mama mmoja aliniletea la kwake mwaka jana, jeusi kama chungu cha maharage. Nikamwambia, "Mama, chagua mahali unapotaka tujaribu." Akachagua nyuma ya mguu, kwa tahadhari, kama mtu anayechagua mahali pa kuchomwa sindano. Nilipitisha pamba yenye waiti spiriti mara tatu. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili kahawia, ya tatu karibu safi, na kwenye mguu pakatokea kiduara chekundu cha ukubwa wa sarafu, kinang'aa. Akakishika kwa kidole. "Kumbe alikuwa mwekundu," akasema, kama anayemzungumzia mtu. Kabati lile halikuguswa na msasa hata mara moja.

Utaratibu wa kusafisha: ondoa vumbi kwa brashi laini. Pitisha waiti spiriti kwa pamba, ukibadilisha pamba mara kwa mara, maana pamba chafu inahamisha uchafu tu. Kisha matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye maji, kitambaa kikamuliwe hadi kisidondoshe, ufute eneo la ukubwa wa kiganja, ukaushe hapo hapo, ndipo uhamie eneo jingine. Kikishakauka kabati kitazame tena kwa mwanga wa mchana. Huenda kazi imeisha.

Waiti spiriti na spiriti si kitu kimoja?

Hapana, na kosa hili limeharibu vitu vingi. Dukani zote huitwa spiriti. Waiti spiriti inatokana na mafuta ya petroli, inatumika kulainisha rangi ya mafuta, na polishi ya zamani haiiogopi. Spiriti ile ya kuwashia majiko, yenye pombe ndani yake, inayeyusha polishi ya zamani kama maji yanavyoyeyusha sukari. Ukikosea chupa, utafuta polishi yote huku ukidhani unatoa uchafu. Nusa kabla ya kumimina. Harufu zake hazifanani kabisa.

Gramafoni, fonografu, santuri, kinanda: yote ni kitu kimoja?

Wazee wengi wanaoniletea huita mashine yenyewe kinanda au santuri. Humu nitasema gramafoni kwa mashine, na santuri kwa ile sahani nyeusi. Fonografu ni ya Edison, ya mwaka 1877, iliyozungusha mcheduara, yaani kitu cha umbo la bomba, na si sahani. Sahani bapa ilikuja na Emile Berliner mwaka 1887. Gramafoni yenye baragumu lililofichwa ndani ya kabati, yaani samani kamili ya sebuleni, ilianza kuuzwa Marekani na kampuni ya Victor mwaka 1906, na jina lake Victrola. Kwa fundi wa mbao tofauti ni hii: kasha dogo la Edison mara nyingi ni mwaloni mtupu, na kabati kubwa la kusimama mara nyingi lina vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao hafifu.

Nitajuaje limepakwa polishi gani?

Tafuta mahali pasipoonekana: chini ya kasha, au ndani ya mlango karibu na bawaba. Dondosha tone moja la spiriti ya pombe. Hesabu hadi thelathini, kisha gusa kwa ncha ya kidole. Kama pananata na alama ya kidole inabaki, hiyo ni shelaki. Kama hapajabadilika, futa, jaribu tone la thina ya NC (nitroselulosi, ile ya kulainishia laka ya kupulizia) mahali pengine. Ikilainika kwa thina, ni laka, ambayo viwanda vilianza kuitumia kwa wingi miaka ya 1920. Ikikataa vyote viwili, basi kuna mtu aliyepita kabla yako na kopo la vanishi ya kisasa, na itabidi tuzungumze lugha nyingine.

Nyingi zinazopita hapa kwangu ni shelaki. Hiyo ni habari njema, kwa sababu shelaki ni polishi inayokubali kurekebishwa bila kuvuliwa.

Shelaki ni nini hasa?

Ni utomvu wa mdudu. Huko India na Thailand kuna wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa matawi na kujifunika kwa gamba. Watu hukwangua gamba hilo, huliyeyusha, hulichuja na kulikausha likawa vipande vyembamba kama maganda ya vitunguu. Vipande hivyo ukiviloweka kwenye spiriti unapata polishi. Lakiri, ile nyekundu ya kufungia barua na vifurushi vya serikali, ilitengenezwa na kitu hicho hicho.

Na santuri zenyewe, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilifinyangwa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe. Siti binti Saad alipovuka kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ilirudi Zanzibar ikiwa imechorwa kwenye gamba la mdudu huyu. Ninapenda kuwaza hivyo ninapopaka kabati: juu mdudu, ndani mdudu. Lakini pana onyo hapa la maana kuliko mawazo yangu: usisafishe santuri za aina hiyo kwa spiriti. Itazila. Tumia maji yenye sabuni kidogo, usiloweshe karatasi ya katikati, kausha kwa kitambaa laini.

Hapa Tabora shelaki huikuti kwenye kila duka la rangi. Mimi huagiza vipande vikavu kutoka Dar es Salaam. Nunua vipande, si iliyokwisha kuyeyushwa, kwa sababu ikishayeyushwa huanza kuzeeka. Baada ya miezi sita naitilia shaka. Dondosha tone kwenye kioo jioni. Asubuhi kama ukucha bado unazama, imwage.

Mwanangu anasema atapitisha mashine ya msasa, itakuwa haraka. Kuna ubaya?

Upo. Vinia ya kabati la zamani haifiki milimita moja, na kwenye kona, ambako mikono ya watu imepita miaka mingi, ni nyembamba zaidi.

Nilivyojua hili si kwa kuambiwa. Nilikuwa kijana, nimetoka kununua mashine yangu ya kwanza ya msasa, na mzee mmoja jirani akaniamini na kifuniko cha gramafoni yake. Vinia ya mjozi, mistari inakutana katikati kama mabawa ya kipepeo. Nilipitisha mashine. Ilikuwa inang'arisha vizuri, vumbi la kahawia linaruka, mara vumbi likabadilika rangi likawa jeupe. Nilizima mashine haraka lakini ilishapita: doa la ukubwa wa yai, mbao hafifu ya chini inachungulia. Hakuna polishi inayofunika kitu hicho. Nilikata kipande cha vinia kutoka kabati bovu, nikabandika, nikapaka, na hata leo nikienda kumwamkia macho yangu huenda pale pale. Yeye hajawahi kusema neno, na hilo ni baya kuliko angenigombeza.

Kwa hiyo, kama ni lazima msasa uguse vinia, ni wa mkono, namba 320 au laini zaidi, ukifuata mkondo wa nyuzi, kibao kimefungwa ndani ya karatasi, na kona usiziguse kabisa.

Polishi imepasuka kama ngozi ya mamba. Hiyo si imekufa?

Haijafa. Shelaki ikizeeka hukakamaa na kupasuka vipande vipande, hasa mahali penye joto kama Tabora mwezi wa Oktoba. Kama umeshahakikisha ni shelaki na umeshasafisha mafuta na uchafu, chukua brashi laini, ichovye kwenye spiriti, pitisha mara moja kwenda, usirudie. Polishi inalainika, nyufa zinaungana zenyewe. Acha ikauke saa kadhaa, tazama, rudia kama bado. Upande uliosimama wima ulaze kwanza, usije ukateremka kama uji. Ikishatulia, tabaka moja au mawili ya shelaki mpya nyembamba juu yake yanatosha.

Nyufa zilizokuwa nzito sana zitaacha vivuli. Mimi huviacha.

Kuna duara jeupe, mtu aliweka glasi ya maji juu.

Unyevu umeingia kwenye polishi. Kitambaa cha pamba kiguse spiriti kidogo sana, kiasi kwamba ukikiweka shavuni unahisi ubaridi lakini hakiachi maji. Pangusa duara haraka haraka kwa mguso mwepesi. Litafifia. Doa jeusi ni jambo jingine: maji yamefika kwenye mbao yenyewe.

Picha ya mbwa ndani ya kifuniko inachubuka. Naweza kuipaka upya?

Picha hiyo, nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, si ya kuchorwa kwa brashi, ni karatasi ya kubandika iliyo nyembamba kuliko nywele, na mara nyingi imekaa katikati ya matabaka ya shelaki. Spiriti ikifika hapo, mbwa anaondoka na pamba. Zungushia eneo hilo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa wapaka rangi, acha nafasi ya vidole viwili, na ndani ya mpaka huo tumia pamba kavu tu. Picha iliyochubuka ya asili ina thamani kuliko mpya iliyochapishwa mjini. Mteja mmoja alilia, si utani, kwa ajili ya sikio la mbwa.

Kuna vitundu vidogo na unga unadondoka. Ni mchwa?

Mchwa hali hivyo. Mchwa huacha udongo. Unga laini kama wa ngano na vitundu vya milimita moja au mbili ni kazi ya dumuzi wa mbao. Watu wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa kuhusu dumuzi: yule wa mahindi, aliyebatizwa Scania, alitambuliwa hapa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, mara ya kwanza katika bara zima la Afrika, akamaliza maghala ya watu. Ukoo wake ni ukoo wa watoboa mbao. Huyu wa kabati lako ni binamu.

Kwanza jua kama bado wapo. Futa unga wote, tandika kitambaa cheusi chini ya kabati, lisiguswe wiki mbili. Kama kitambaa kimebaki cheusi, wenyewe walishahama zamani na vitundu ni makovu tu. Ziba kwa nta iliyotiwa rangi. Kama pana unga mpya, dawa ya mbao iingizwe kwenye kila kitundu kwa bomba la sindano, ukiwa umevaa glavu na madirisha yako wazi. Kasha dogo unaweza kulifunga kwenye nailoni mbili na kulilaza kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, mashine ikiwa imeshatolewa. Tuliwahi kumwomba mwenye duka la samaki. Umeme ulikatika siku ya nne, tukaanza kuhesabu upya, na kasha lilirudi bila dumuzi lakini na harufu ya sangara.

Vinia imenyanyuka pembeni. Gundi gani?

Gundi ya kiwandani ya wakati ule ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulainika tena kwa joto na unyevu. Kama bado ipo chini, weka kitambaa chenye unyevu kidogo, pitisha pasi ya moto mdogo sekunde chache, bonyeza kwa kibao, weka matofali juu hadi kesho. Jua kwamba polishi ya mahali hapo itapauka, kwa hiyo kazi hii hufanywa kabla ya polishi. Kama gundi imekwisha kuwa vumbi, safisha, ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa bomba la sindano, weka nailoni kisha uzito. Gundi ya chapuchapu ya tyubu usiilete hapa.

Kabati letu lilipakwa rangi ya mafuta ya kijani, kama mlango wa shule. Limeshaharibika?

Hapa ndipo kuvua kunaruhusiwa. Usipige msasa mkavu, kwa sababu rangi za zamani za mafuta huweza kuwa na risasi ndani na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Paka dawa ya kuvulia rangi, iache ifanye kazi, kwangua kwa kibao cha plastiki au mti mgumu kilichochongwa, si kwa patasi. Fanya kazi nje, kivulini. Mara nyingi rangi imekaa juu ya shelaki, basi ikianza kuachia hutoka kwa mapande. Kwenye mapambo ya kuchongwa tumia mswaki wa zamani na uvumilivu. Mguu mmoja umewahi kunichukua siku nzima.

Nimevua, mahogani imekuwa ya pinki. Ule wekundu umekwenda wapi?

Ulikuwa kwenye rangi na polishi, si kwenye mbao. Kiwanda kilitia rangi ya mbao kabla ya shelaki. Tumia rangi ya mbao ya maji, nyembamba, ongeza kidogo kidogo, na ujaribu kwanza upande wa ndani wa mlango. Mafundi wa zamani walitumia pamanganeti: chembe chache kwenye maji ya uvuguvugu, zambarau unayoipaka inageuka kahawia mbele ya macho yako ndani ya dakika chache. Inafanya kazi, nimeitumia, ila hupauka ikipigwa na jua, na inachafua mikono wiki nzima. Vaa glavu.

Kiraka cha mninga kwenye mahogani? Kivulini kinaweza kudanganya, maana mninga una wekundu wake. Kwenye mwaloni usijaribu, nyuzi hazifanani kabisa. Na vumbi la mninga linawasha pua, funga kitambaa.

Nipakeje shelaki mpya? Kwa brashi?

Brashi inafaa miguuni na kwenye nakshi. Uso mkubwa, hasa kifuniko, hupakwa kwa donge: pamba kiasi cha yai, ndani ya kipande cha kanga ya zamani iliyofuliwa hadi ikalainika, isiyo na mshono. Mshono ukiwemo, utaona mistari.

Changanya gramu 120 za vipande kwenye lita moja ya spiriti. Tumia chupa ya kioo au plastiki. Bati hulifanya shelaki kuwa nyeusi. Tikisa kila ukipita karibu, kesho yake chuja kwa soksi ya nailoni. Mimina kidogo ndani ya pamba, si juu ya kitambaa, kisha kamua kwenye karatasi hadi donge liwe na unyevu tu.

Sasa mkono. Umeshamwona mama anavyopaka mafuta chapati: kijiko kinaingia pembeni, kinazunguka, kinatoka pembeni, hakisimami katikati. Ndivyo. Donge likisimama juu ya shelaki mbichi hata sekunde moja, linang'oa yote iliyo chini na kuacha kovu lenye alama ya kanga. Anza kwa mstari ulionyooka, kisha vizunguko vidogo, kisha umbo la nane, malizia kwa mistari mirefu. Donge likianza kushika kama linavutwa, tone moja la mafuta ya kupikia ya alizeti juu ya kitambaa, au la mafuta ya kitani ukiwa nayo, si zaidi. Pakinata, ondoka. Nenda kanywe chai. Mtu anayerudi baada ya dakika tano "kusawazisha kidogo" ndiye anayenipigia simu jioni.

Pita mara sita hadi nane kwa siku, matabaka membamba, halafu pumzisha usiku kucha. Siku ya tatu au ya nne utaanza kuona dirisha la karakana ndani ya kifuniko. Mahogani ina vinyweleo. Ukitaka uso wa kioo kabisa, vijazwe kwanza kwa unga wa pumisi, jiwe jepesi la volkano, unaosuguliwa pamoja na shelaki. Mwaloni uache na vinyweleo vyake, hata kiwandani viliachwa.

Imekauka ikawa nyeupe kama maziwa!

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni spiriti yenye maji. Ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda ni asilimia 70 na hiyo thelathini inayobaki ni maji. Ya pili ni mvua. Spiriti inaporuka huupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewani unatua pale kama umande. Ndiyo maana kuanzia Novemba hadi Aprili napokea makabati lakini siyapaki, nayasafisha na kuunga viungo tu. Mei hadi Agosti ndio msimu wangu. Septemba na Oktoba hewa ni kavu mno, spiriti inaruka kabla donge halijafika upande wa pili.

Weupe huo huondoka kwa kupitisha donge lenye spiriti kidogo siku kavu.

Si nipulizie tu vanishi ya NC, niwe nimemaliza?

Kitanda chako kipya, pulizia, nami nitakupulizia. Kabati la mwaka 1915 likipuliziwa linapata mng'ao wa jokofu. Tena kuna siku litakwaruzwa, na mjukuu wako hataweza kulitengeneza bila kuvua lote. Huu ni msimamo wangu. Wapo mafundi wazuri mjini hapa wasiokubaliana nami, na tunaheshimiana.

Na nta yetu ya Tabora?

Ndiyo tabaka la mwisho, juu ya shelaki iliyokwisha kukaa wiki mbili. Yeyusha nta safi ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto; nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, haihitaji moto wa kuchoma mishkaki. Toa motoni, nenda mbali na jiko, ndipo umimine tapentaini: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za tapentaini kwa uzito. Ikipoa inakuwa kama siagi. Paka kidogo sana kwa kitambaa, subiri nusu saa, sugua. Ukipaka nyingi, joto letu litailainisha na vumbi lote la barabara litahamia kwako. Nta ya magendo iliyochanganywa na mafuta ya taa ina harufu inayokaa miezi. Nunua kwa mrina asali unayemfahamu.

Mashine ya ndani niitoe mwenyewe?

Itoe kabla ya kazi yoyote ya mbao, maana vumbi la msasa ndani ya grisi ni tupa. Kwanza iache izunguke hadi springi iishe nguvu kabisa. Fungua skrubu kwa bisibisi inayojaa kwenye ufa wake, kila skrubu uichomeke kwenye kipande cha boksi uliyochora kabati, mahali pake pale pale. Kisanduku cha sauti, chenye kiwambo cha ulanga, kifunge kwenye pamba. Ila ile ngoma iliyobeba springi usiifungue hata kwa udadisi: utepe wa chuma wa mita kadhaa ukiruka unakata vidole.

Langu ni la kubeba kama begi, limefunikwa kitu kama ngozi nyeusi.

Hilo si la kupiga polishi. Kitambaa chenye unyevu, kisha dawa ya viatu nyeusi kidogo penye mikwaruzo. Basi.

Nimeuziwa lenye baragumu kubwa la shaba linalong'aa, na kibati cha mbwa mbele. Nifanye nini?

Keti kwanza. Masanduku ya pembe nane, mbao mpya, shaba ya kung'aa kama sinia, na injini iliyotolewa kwenye gramafoni ya kubeba, hutengenezwa India kwa ajili ya watalii. Tazama ndani: skrubu za nyota ni za baadaye, na mbao isiyo na kivuli cha zamani chini ya vyuma haijawahi kuzeeka. Linaimba, ni pambo zuri, paka chochote unachotaka.

Vitambaa vilivyobaki nivitupe wapi?

Vya spiriti vitandaze nje vikauke. Vyenye mafuta ya kitani usiviache vimekunjwa kwenye ndoo: vinapata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti, tena usiku umelala. Viloweke kwenye maji au vitandaze kimoja kimoja juu ya mchanga.

Nimemaliza. Tunaweza kupiga santuri leo jioni, wageni wapo?

Pigeni, lakini kifuniko kibaki wazi. Shelaki hukauka mkononi kwa saa moja na bado ikawa laini ndani kwa siku nyingi, na kifuniko kikilala juu ya ukingo mbichi vinashikana. Kata vipande vinne vya karatasi isiyonata, ile ya kuokea keki, uviweke kwenye kona kabla ya kufunga, na uviache hapo wiki mbili. Moja nililifunga siku ya tatu kwa sababu mwenyewe alikuwa anawahi treni, na Kigoma walilifungua kwa kisu cha mkate.